Magoli ya dakika za mwisho, makocha kupishana, mishahara kuchelewa: mwanachama wa kawaida hapa Tanga aanzie wapi?

Ngamiani_B12

Wakuu, salaam. Naleta hoja ya timu yetu ya hapa Tanga. Siitaji jina, wenyeji mnaifahamu, na sitaki mada igeuke malumbano ya kijiweni.

Hali ni hii. Tunaongoza nyumbani, ikifika dakika ya 75 miguu imekwisha, kona moja, bao. Kocha anaondolewa, anakuja mwingine, mechi mbili vijana wanachangamka, ya tatu tumerudi kulekule. Dirisha dogo (usajili wa katikati ya msimu) linaingiza wachezaji wapya ambao kocha aliyepo hakuwaomba. Beki tuliyemlea tangu mtoto anaondoka, klabu haipati hata senti. Mishahara ikichelewa, tunasikia redioni kabla viongozi hawajasema. Na sasa jukwaani watu wanawazomea vijana tangu wanapopasha misuli. Hilo linaniuma kuliko kufungwa.

Naomba wanaojua mambo haya kwa undani wanisaidie: tatizo linaanzia wapi hasa, na mwanachama asiye na cheo ashike wapi ili kitu kisogee?

Raskazone_Kipa

Mgosi, nianze na dakika ya 75, maana hapo watu wengi wanamkamata asiye mwizi. "Pumzi hawana" ni neno rahisi. Chukua daftari. Kila bao mnalofungwa andika dakika, mpira ulianzia wapi (kona, faulo, mpira wa kurusha, krosi, au uliporwa katikati), nani alipaswa kumkaba mfungaji, na kocha alikuwa ameshafanya mabadiliko mangapi. Zikifika mechi kumi hutahitaji kubishana na mtu.

Pumzi nayo ina sehemu yake. Joto la Tanga ni la unyevu, jasho linatiririka halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Mchezaji wa kilo 70 akipoteza kilo 1.4, yaani asilimia 2 ya uzito wake, kasi na umakini vinaanza kushuka. Kujua nani anapoteza kiasi gani hakuhitaji mashine. Mizani ya kawaida inatosha: apimwe kabla ya mazoezi, apimwe baada ya kujifuta jasho na kuvua jezi iliyolowa. Kwa kila kilo iliyopungua anywe kama lita moja na nusu, polepole, kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Akibugia maji matupu kwa mkupuo, mengi yataishia chooni. Madafu ni mazuri na hapa kwetu hayakosekani, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa zaidi sodiamu. Dafu peke yake halitoshi, chumvi lazima itoke mahali pengine.

Sheria ya 7 ya mchezo inaruhusu kanuni za mashindano ziweke mapumziko ya maji yasiyozidi dakika moja, au ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika 3. Meneja wa timu aliulizie jambo hilo kwenye kikao cha kabla ya mechi. Akikaa kimya, asitegemee mwamuzi amkumbushe.

Sasa mabadiliko. Ligi nyingi sasa zinaruhusu kubadili wachezaji watano kwa vituo vitatu, yaani kusimamisha mchezo mara tatu, na mapumziko kati ya vipindi viwili hayahesabiwi kuwa kituo. Anayechoka mapema zaidi mara nyingi ni beki wa pembeni anayepanda na kushuka. Wapinzani wanajua, wanaingiza winga mwenye miguu mipya upande ule dakika ya 65. Krosi ya kwanza inaokolewa, inakuwa kona. Kocha wetu anasubiri dakika ya 80, wakati nafasi ya mapumziko aliiacha ikapita bure.

Kwenye kona yenyewe, angalieni vitu viwili mkiwa jukwaani. Cha kwanza, posti ya karibu: kuna mtu? Mpira unaopitishwa kichwani pale na kwenda nyuma ya mabeki ndio unaoua timu nyingi zisizofanya mazoezi ya kutosha ya mipira ya kutengwa. Cha pili, ukingo wa boksi: nani anasubiri mpira wa pili, ule uliookolewa ukadondoka pale? Mpangilio wa kawaida usiohitaji ufundi mkubwa ni mmoja posti ya karibu, watatu wamejipanga mbele ya boksi dogo, wanne wanakaba watu wao, mmoja ukingoni mwa boksi, na mmoja anabaki juu. Huyo wa juu si mvivu, anawalazimisha wapinzani wawaache wawili nyuma.

Na kosa linaloonekana kila wiki kwenye viwanja vyetu: benchi linafanya mabadiliko wakati kona ya adui inasubiri kupigwa. Anatoka beki aliyekuwa anamkaba mrefu wao, anaingia mwenzake ambaye hajaambiwa amshike nani. Mpira unapigwa, mrefu anaruka peke yake. Subirini kona ipite, au aliyeko pembeni apewe jina la mtu wake kabla hajakanyaga mstari.

Mzee_wa_Usagara

Wanangu, mnaloliona si la msimu mmoja. Coastal Union walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988. Msimu wa 2015/16 Coastal, African Sports na Mgambo JKT walishuka daraja wote watatu kwa mkupuo, mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Coastal wakarudi msimu wa 2018/19. Tarehe 2 Julai 2022 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, wakatoka 3-3 na Yanga na kutolewa kwa penalti. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga yote matatu, na dirisha lilelile akaenda Azam. Msimu wa 2023/24 wakashika nafasi ya nne na kocha David Ouma, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa na Bravos do Maquis ya Angola raundi ya kwanza kabisa, na Ouma naye akaondoka mapema msimu uliofuata.

Kipaji Tanga kipo. Kila tukipanda, kikosi kinatawanyika kabla hakijakomaa. Hapo ndipo pa kuuliza.

Karani_Makorora

Mzee kanifungulia mlango. Kikosi hutawanyika kwa sababu ya makaratasi, na makaratasi ndiyo eneo ambalo mashabiki hatuliangalii kabisa.

Kwa kanuni za FIFA mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Muhimu zaidi, mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukimalizika au ukibakiza miezi sita au pungufu. Sasa fikirini klabu inayowapa vijana mkataba wa mwaka mmoja ili "wasiwe mzigo kwetu". Kijana anacheza vizuri mpaka Desemba, Januari yuko huru kuzungumza na yeyote, Juni anaondoka bila ada. Hakuna aliyemuiba. Suluhisho ni mkataba wa miaka miwili au mitatu kwa wale wanne watano wenye soko, na mazungumzo ya kuongeza yaanze mkataba ukibaki na mwaka mzima. Miezi sita ni kuchelewa.

Mishahara: kanuni hizohizo zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara miwili anaweza kuvunja mkataba kwa haki, mradi ameiandikia klabu barua na kuipa siku 15 za kulipa. Kwa hiyo mwezi wa pili wa deni ni hatari kubwa kuliko kipigo chochote uwanjani. Klabu inampoteza mchezaji, kisha inadaiwa fidia. Ikishindwa kulipa, inafungiwa kusajili, na adhabu inaweza kuchukua hadi madirisha matatu ya usajili, isipokuwa deni lilipwe. Wachezaji wa ndani wanapeleka madai yao TFF (shirikisho la soka la nchi), kwa Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji. Wageni wanaweza kwenda FIFA moja kwa moja. Klabu nyingi zinaumia hapo: zinamuacha mgeni kwa mdomo tu, zinadhani yamekwisha, barua inakuja wakati wa dirisha.

Halafu pesa tunazoziacha mezani. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15 ina asilimia 0.25 kila mmoja, ya 16 hadi 23 ina 0.5 kila mmoja. Chukua mfano: kijana tuliyekuwa naye tangu 15 hadi 19, baadaye klabu ya Dar es Salaam inamuuza nje kwa dola 100,000. Sisi tuna 0.25 mara moja na 0.5 mara nne, jumla asilimia 2.25, yaani dola 2,250. Si utajiri, ila kwa klabu inayokopa mafuta ya basi ni pesa. Inalipwa tu kama kijana alisajiliwa kwetu rasmi kwenye mfumo wa TFF miaka ile. Aliyecheza bila kusajiliwa, au kwa leseni ya jina lisilo lake, hatuonekani kwenye hati yake ya klabu alizosajiliwa na hatulipwi.

Angalizo: mgao huo hauhusu mauzo ya ndani, kutoka Tanga kwenda Dar. Huko kinachotulinda ni kifungu tutakachoandika wenyewe kwenye makubaliano, kwamba akiuzwa tena tunapata asilimia fulani, tuseme 10 au 20. Kama hakikuandikwa siku ya kusaini, hakipo.

BintiPangani

Nakubaliana na karani, naongeza la mlangoni. Mkwakwani, tunapochezea nyumbani, ni uwanja wa chama cha CCM, si mali ya klabu yoyote. Kwa hiyo ukiona jukwaa limejaa usipige hesabu ya viti mara kiingilio ukasema viongozi wamekula. Ondoa kodi (VAT peke yake, kwa kiwango cha kawaida, ni asilimia 18), ondoa ya uwanja, ya waamuzi, ulinzi na mengineyo, ndipo uulize kilichobaki. Ombeni mchanganuo wa mapato wa kila mechi, unaandaliwa.

Na ndugu zangu mnaorusha chupa: klabu ndiyo inayotozwa faini mashabiki wakirusha vitu au wakimvamia mwamuzi. Tunailipisha timu ambayo tayari haina mishahara. Uamuzi wa mwamuzi kuhusu tukio la mchezo haubadilishwi na kelele wala rufaa. Rufaa inayosikilizwa ni ya kanuni, kama mchezaji asiyestahili kucheza, na ina muda wake na ada yake.

Ngamiani_B12

Nawashukuru sana, hili la mikataba halijawahi kuzungumzwa kijiweni kwetu. Je, tuchangishane tulipe mishahara? Na nikitaka kuuliza hayo ya karani, naulizaje nisijibiwe "njoo ofisini kesho"?

Karani_Makorora

Mishahara msichange. Ni gharama ya kila mwezi, watu 400 wakitoa 5,000 mnapata milioni 2, inaisha mara moja na mwezi unaofuata deni liko palepale. Changieni kitu kinachoanza na kuisha: mafuta ya safari moja, mizani na maji ya mazoezi, vipimo vya goti la mchezaji. Mlipe muuzaji moja kwa moja, risiti iandikwe jina la klabu, nakala ibandikwe tawini.

Kuhusu maswali: kwanza uwe mwanachama hai, kadi na ada ya mwaka vimelipwa na una risiti. Asiye na ada hai anazuiwa mlangoni, na hapo ndipo hoja nyingi zinapofia. Pili, tafuta katiba ya klabu, usome ibara ya mkutano mkuu: hoja za wanachama zinapokelewa siku ngapi kabla, na mkutano wa dharura unahitaji saini za wanachama wangapi. Kila klabu ina yake, usikisie.

Kisha andika barua kwa Katibu Mkuu, ukurasa mmoja, maswali matatu tu. Moja, idadi ya wachezaji ambao mikataba yao inaisha Juni, na wangapi wameshaanza mazungumzo. Usiombe mishahara ya mtu mmoja mmoja, hiyo ni siri ya mkataba na watakukatalia kwa haki. Mbili, jumla ya malimbikizo ya mishahara kwa mwezi, na kesi zilizoko TFF au FIFA. Tatu, mapato halisi ya mechi za nyumbani baada ya makato. Wasaini wanachama kumi au ishirini, kila mmoja na namba ya kadi. Peleka nakala mbili, moja ibaki, nyingine urudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri, barua haikufika.

Wakinyamaza, nenda chama cha mpira cha mkoa, kisha kwa Msajili wa vyama vya michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, ukiambatanisha nakala yenye muhuri. Msikimbilie mahakama za kawaida kwa mambo ya mpira, kanuni za FIFA zinakataza na klabu inaweza kuadhibiwa.

Raskazone_Kipa

Ongezeni swali dogo kwenye barua hiyo, ndani ya lile la kwanza: nani anasaini orodha ya usajili wa dirisha dogo, kocha au kamati? Kama saini ya kocha haipo, mjue kwa nini wanaoingia Januari hawachezi. Na barua ifike Novemba. Mkisubiri Januari, fomu zimeshajazwa.