Tupeane uzoefu: mwigizaji aliyetokea dakika chache tu ukabaki naye miaka yote

Wakuu, kwenye muvi za Hollywood za kuchekesha na za kuimba, steringi ndiye anayejaza posta. Kwangu mimi utamu mara nyingi uko kwa anayepita tu.

Nilianza kuliona hili kwa Coming to America (1988). Niliitazama kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, wadogo chini. Harusi ikiisha tu, mwenye kibanda anachomoa mkanda aweke mwingine, kwa hiyo majina ya mwisho hatukuwahi kuyaona. Miaka yote niliamini yule mzee wa Kizungu anayebishana na vinyozi kuhusu mabondia ni mzee wa kweli waliyempata hukohuko Queens. Siku nimeiangalia nyumbani hadi majina yapite, kumbe ni Eddie Murphy! Mtoto wa mfalme, kinyozi Clarence, mwimbaji Randy Watson na huyo mzee Saul, wote yeye, kwa mikono ya Rick Baker aliyewapaka sura. Wiki ile niliirudia mara tatu, namwangalia macho tu. Arsenio Hall naye kabeba wanne.

Akeem, yule mtoto wa mfalme, ni mpole mno, hachekeshi sana. Murphy angebaki naye mwanzo mwisho, ingekuwa hadithi ya mapenzi basi. Kicheko kikahamishiwa kinyozini, vipande vifupivifupi, na kila kimoja kinakatwa ungali unataka kingine.

Leteni vyenu.

Mdau wa Morogoro
Sister Act, 1992. Kwenye kwaya ya parokia nilikuwa sauti ya kwanza, ila kwa woga mdomo unafunguka nusu. Yule mtawa mdogo, Mary Robert, haongei sana kwenye muvi nzima. Whoopi Goldberg anamhimiza, anamhimiza, mpaka sauti inatoka. Nililia. Baadaye nikajua Wendy Makkena aliigiza tu, anayeimba ni Andrea Robinson. Iliniuma. Nikarudi kuiangalia, safari hii mabega ya Makkena anapovuta pumzi, nikajiona mimi yuleyule.

Mdau wa Dodoma
Hilo la sauti, dada, mtazame Jean Hagen kwenye Singin' in the Rain (1952). Anaigiza nyota mwenye sauti mbaya, Debbie Reynolds anaonekana akimsemea kwa siri. Sauti nzuri unayoisikia pale akisemewa ni ya Hagen mwenyewe! Aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili.

Mdau wa Mombasa
Mimi nilimpeleka mamangu kuona Mamma Mia ya pili, 2018, kwa sababu anampenda Meryl Streep. Alikuwa amemzika mamake mwaka uo huo. Akakaa na mkoba mapajani, akitokea mwanamke yeyote ananigusa: "Ndiye huyu?" Siye, mama. Donna, mhusika wa Streep, ashakufa, ujana wake anauigiza Lily James. Saa nzima na zaidi, Streep hayupo.

Karibu na mwisho, kanisani, mjukuu anabatizwa, ndipo anapotokea na kuimba na bintiye. Mamangu akaacha kuniuliza. Alinishika mkono mpaka taa zikawashwa, kisha akasema taratibu, "Kumbe walimficha makusudi, tumtafute."