Shotigani ya marehemu baba imerudi kutoka kwa fundi ikiwa imeharibika: nianzie wapi?

Mkulima wa Siha:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kuhusu shotigani ya mitutu miwili, kaliba 12, ya Webley & Scott wa Birmingham, ambayo marehemu baba aliitumia kulindia mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, na ambayo sasa naimiliki kwa leseni yenye jina langu. Niliipeleka Arusha kwa fundi mwenye leseni, ambaye sitamtaja hapa. Kazi niliyompa imeandikwa kwenye stakabadhi: kuondoa ulegevu pale mitutu inapofungana na bodi, kubadilisha pini moja ya kugongea fataki, na kusafisha. Hakuna palipoandikwa kupaka mitutu rangi upya wala kugusa kitako.

Nilipoifuata nilikuta mitutu imekuwa nyeusi ya kung'aa, na nakshi ya majani iliyokuwa ubavuni mwa bodi imelika hadi unalazimika kuielekeza kwenye mwanga ndipo uione. Vichwa vya skrubu vimechunika. Kitako kimepigwa msasa mpaka mbao zimeshuka chini ya usawa wa chuma, kisha kikapakwa vanishi ya samani. Kinachoniogopesha zaidi ni namba ya bunduki kwenye chuma cha kilinzi cha triga, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho hazisomeki tena. Na ule ulegevu ulionipeleka kwake bado upo. Sasa anadai salio lake, na anasema niirudishe "aipitie tena". Je, nimrudishie?

Fundi Mstaafu, Sakina:

Pole sana, ndugu yangu. Usiirudishe kwake kwa sasa, na usiifyatue hata mara moja kabla hujajua mitutu ilitiwa rangi kwa njia gani. Mitutu ya bunduki kama yako imeunganishwa kwa utepe wa chuma uliolehemiwa kwa lehemu laini. Njia ya haraka ya kupata weusi wa kung'aa ni kuichovya mitutu katika mchanganyiko wa kostiki soda na chumvi unaochemka kwa joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Joto hilo haliyeyushi lehemu, ila kostiki huila, na chumvi inayobaki ndani, kati ya mitutu na utepe, huendelea kutafuna chuma mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana mafundi wa bunduki za mitutu miwili hutumia njia ya kutu ya polepole: chuma hupakwa dawa, huachwa kishike kutu, huchemshwa katika maji safi, husuguliwa kwa brashi laini, na kazi hiyo hurudiwa kwa siku kadhaa.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya nyumbani. Hakikisha bunduki haina risasi, itenganishe, kisha ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ile ndoano ya chuma iliyo chini yake, inayoingia kwenye bodi, na uigonge taratibu kwa kipande cha mti. Mitutu mizima hulia kama kengele. Ukisikia mlio butu au mtetemo wa kitu kilicholegea, utepe umeachia mahali fulani.

Kuhusu ulegevu, angalia ndoano hiyohiyo, mahali inapokamata pini ya bawaba. Ukiona alama za nyundo, ujue chuma kilipondwa ili kijaze nafasi. Bunduki hukaza kwa risasi chache, kisha hulegea kuliko mwanzo. Tiba halisi ni pini mpya iliyonenepa kidogo, au kujaza chuma kwenye ndoano na kukichonga kwa tupa hadi mitutu ikae sawasawa.

Jambo la mwisho: muulize kama aligusa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65, na risasi ya milimita 70 huingia humo bila shida yoyote, kwa sababu urefu huo ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa. Kwa hiyo kuingia kwa risasi si uthibitisho kwamba inaifaa chemba hiyo.

Wakili wa Moshi Mjini:

Namba ya bunduki itangulie, salio baadaye. Silaha yenye namba isiyosomeka ni tatizo la mwenye leseni kabla ya kuwa la fundi, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hutaki kuonekana kuwa ndiwe uliyeifuta. Nenda kituo cha polisi cha wilaya ukiwa na leseni, stakabadhi na picha, utoe taarifa kwa maandishi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usimruhusu mtu yeyote, hata fundi hodari, aichonge upya namba hiyo bila maelekezo yao.

Kuhusu fedha, stakabadhi yako ndiyo mkataba. Mwandikie barua ya madai ukitenganisha mambo matatu: kazi aliyoagizwa na hakuifanya, kazi ambayo hakuagizwa, na hasara iliyotokea. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeathirika haki ya fidia mkataba unapovunjwa, lakini hasara huthibitishwa kwa ushahidi, kwa hiyo tafuta tathmini ya maandishi ya fundi mwingine mwenye leseni. Akiigusa tena huyo wa kwanza, ushahidi wako umekwisha.

Mzee wa Ngaramtoni:

Mimi namtetea kidogo. Wateja wengi wa huku hupima kazi kwa mng'aro, na inawezekana kabisa alidhani anakufurahisha. Vanishi inaondoleka na mafuta ya kitani yatakirudishia kitako sura yake, ingawa mbao zilizokwanguliwa hazirudi, wala nakshi. Lakini kudai salio wakati ulegevu haujaguswa, hapo hata mimi nashindwa kumtetea.

Mkulima wa Siha:

Nawashukuru, wazee wangu. Nimeigonga mitutu kama nilivyoelekezwa: mlio ni butu, hasa upande wa kushoto, na kwenye ndoano kuna vidoti vitatu vya tindo vinavyong'aa. Picha nimepiga. Je, namba ipo mahali pengine kwenye bunduki hizi?

Fundi Mstaafu, Sakina:

Kwa kawaida ipo. Geuza mitutu uangalie sehemu bapa za chini zinazolala juu ya bodi, ambako utaona pia mihuri ya majaribio ya Birmingham, kisha fungua kishikio cha mbele uangalie chuma chake. Piga picha namba na mihuri kwa pamoja, uende nazo polisi. Vidoti hivyo vya tindo vipige picha kwa karibu, upande wa mwanga.