Tovuti ya msanii: WordPress au Wix? Njooni tubishane

Wakuu, binamu yangu anachora Tingatinga pale Msasani, ana picha kama mia mbili kwenye simu, anataka tovuti ya kuonyesha kazi zake basi, sio duka. Mimi nasema WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, ile unayoweka kwenye hosti (kampuni inayokukodishia seva, yaani kompyuta ya kuweka tovuti) unayolipia mwenyewe, sio WordPress.com ambayo wanakuwekea wao, watu wanazichanganya sana hizi mbili. Ipo toka 2003, ni ya bure, na siku ukitaka kuhama unabeba kila kitu chako unaenda nacho hosti nyingine. Wix ni ya kupangisha, inakaa kwenye seva zao tu, ukiondoka unaanza moja. Nani anabisha?

—

Nabisha mimi. Nani atakuwa anaipiga apdeti? Mdogo wangu anachonga vinyago Mwenge, fundi alimwekea WordPress na plagini (vijiprogramu vya nyongeza) ishirini na kitu, sijui slaida za picha zinazojibadili, sijui theluji inadondoka mwezi wa kumi na mbili (Dar hii hii!), akalipwa akapotea. Mwaka haujaisha, hakuna aliyepiga apdeti, wahuni wakaiingilia, ukifungua tovuti inakupeleka kwenye kamari. Wix au Squarespace mambo ya seva na apdeti wanahangaika nayo wenyewe, mchongaji ashike patasi yake.

—

Na domeni, lile jina la tovuti, fundi alisajili kwa jina la nani?

—

La kwake. Mpaka leo hatujaipata.

—

Sasa hapo kosa la WordPress au la fundi? Ila hilo la apdeti nakubali, umenibana. Lakini hamsemi habari ya malipo, zile za kupangisha kama Wix mara nyingi ni dola, na ni kwa kadi. Mimi nilikuwa na moja, jina naliacha, kadi ikaisha muda niko Kigoma, tovuti ikafungwa na mteja yuko Sweden anataka kuona picha leo leo. Hosti ya hapa nyumbani nalipa kwa simu nikiwa kwenye daladala.

Kingine ni uzito. Picha ya simu ni MB 5 mpaka 6, weka thelathini ukurasa mmoja uone kama kuna mtu atamalizia bando lake kwako. WordPress toka toleo la 5.3 la 2019 picha ikizidi pikseli 2560 inatengeneza nakala ndogo yenyewe, ila mimi bado nazipunguza kwanza mpaka 1600. Na usikandamize faili la picha (JPEG) kupita kiasi, Tingatinga ni rangi ya enameli, inang'aa, ukikaza sana yale madoa ya chui yanaingia ukungu pembeni, mtu anadhani mchoraji ndo kakosea.

—

Kwani Instagram haitoshi?

—

Inatosha mpaka siku akaunti ifungwe.

—

Haya, nimemuuliza binamu mwenyewe, hajali jina la programu, anataka aongeze picha kwa simu bila kunipigia. Basi WordPress, plagini tatu, domeni jina lake, apdeti nafanya mimi kila mwisho wa mwezi. Mwenye kujua themu (muonekano wa tovuti) nyeupe tupu, isiyo na slaida, aitaje.