Prosesa ya i7 kwenye laptopu nyembamba, nibadilishe au joto ndo litazidi?

mpigapicha_tandika

Wakuu habarini za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu maana nimebaki njia panda.

Nina laptopu ya mtumba nilinunua Kariakoo mwaka jana, ile nyembamba ya inchi 14, kilo moja na kidogo, ukiitia kwenye begi unaweza kusahau kama umebeba kitu. Prosesa i5-8250U, RAM GB 8, SSD GB 256. Kazi yangu ni kuediti video za harusi, sendofu na kicheni pati. Kukata na kupanga vipande haisumbui sana, shida iko kwenye kurenda, yaani kuitoa video iwe faili moja lililokamilika. Video ya saa moja naiacha usiku inachukua masaa matatu na zaidi, na ikishapita kama dakika tano tu feni inalia kama mashine ya kusaga, nikigusa pale juu kwenye mstari wa F1 mpaka F12 karibu na kioo kidole hakikai. Kuipakata ndo siwezi kabisa mpaka nikunje kanga mara nne niweke mapajani.

Kinachoniumiza zaidi ni kasi. Nikiangalia kasi ya prosesa inaanza vizuri GHz 3.3 halafu inashuka, 1.8, 1.5, mpaka 1.2 na hapo inaganda usiku kucha.

Fundi mmoja kaniambia dawa ni i7. Anasema prosesa peke yake haitoki, kwa hiyo anabadilisha mazabodi nzima anaweka ya i7-8550U ya laptopu hiihii, laki nne na nusu pamoja na ufundi. Mwingine kasema niiuze niongezee nichukue nyembamba nyingine ya i7. Hela yenyewe ni ya kuungaunga na msimu wa harusi ndo huu unaingia, nikikosea hapa sina ya kurudia. Je i7 itamaliza tatizo au joto ndo litazidi? AC sina, nina feni ya chumbani tu.

kaka_mkubwa88

Mkuu i7 ni i7, weka tu ufanye kazi. Mimi yangu ni i7 na inaruka balaa, i5 sijaitamani tena.

fundi_wa_bodi

Mpigapicha shikilia kwanza hiyo laki nne na nusu, usiitoe leo.

Mimi nafungua hizi laptopu kila siku kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, univumilie. Fundi wako hajakudanganya kuhusu prosesa kutotoka. Laptopu nyembamba kama yako, prosesa zake zenye herufi U mwishoni zinachomelewa kwenye bodi moja kwa moja, hazina soketi, kwa hiyo kubadilisha ni bodi nzima. Hapo yuko sawa. Ninapotofautiana naye ni kwenye faida utakayoipata.

Angalia hizi mbili. i5-8250U ina kori 4 (vichwa vya kufanyia kazi) na nyuzi 8 (threads, kazi inazoshika kwa pamoja, si nyuzi za joto), i7-8550U nayo kori 4 na nyuzi 8. Ya kwako kasi ya msingi 1.6 na turbo inafika 3.4, ya i7 msingi 1.8 na turbo 4.0. Kashe, kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, ni MB 6 kwa 8. Grafiki ni ileile UHD 620. Na zote mbili, hapa ndo penyewe, zimepimwa kwa wati 15. Yaani mtengenezaji wa laptopu anaweka feni moja na bomba jembamba la shaba la kutoa kama wati 15 kwa muda mrefu, basi. Ukiweka i7 feni haiongezeki, bomba haliongezeki, kava ni lilelile. Ile turbo ya 4.0 ni ya muda mfupi, prosesa inaruhusiwa kuvuta umeme mwingi zaidi kwa sekunde kadhaa kisha inarudishwa kwenye kikomo chake cha kudumu. Kwa mtu anayefungua Word au kurasa za mtandaoni hizo sekunde ndo kila kitu, anaziona kila akibofya. Kwa mtu anayerenda saa tatu, hizo sekunde hazimsaidii kitu.

Nilishawahi kuwa nazo mbili mezani, bodi moja ya i5 nyingine ya i7, laptopu za aina moja, feni zile zile. Nikazipa kazi moja ya kurenda. i7 ilitangulia mwanzoni, ikafika 3.7 ukaiona kabisa inakimbia, baada ya dakika kumi zote zikawa zimekaa 2.4, 2.5 hapo. Kazi ya dakika arobaini ilimaliza mbele kwa dakika mbili hivi. Laki nne na nusu kwa dakika mbili mimi singekushauri.

Sasa rudi kwenye ulichoandika mwenyewe, kasi inaganda 1.2. Hiyo iko chini ya kasi ya msingi 1.6. Laptopu nzima ikiwa salama haitakiwi kukaa chini ya msingi usiku kucha, ikifanya hivyo maana yake hata hizo wati 15 imeshindwa kuzitoa. Ukiweka i7 kwenye hali hiyo nayo itakuja kukaa hapohapo 1.2. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na umeme wa mashine, renda dakika kumi, niletee vitu vitatu: joto la prosesa, wati zinazosomeka kwenye CPU Package Power, na kama sehemu ya Thermal Throttling (kujipunguza kasi kwa sababu ya joto) imeandika Yes. Halafu niambie chaja yako ni ya wati ngapi, wengi wanauziwa laptopu na chaja ndogo ya 45 wakati ya asili ni 65 na yenyewe inaweza kuibana mashine.

Kaka_mkubwa, i7 yako ni ipi kamili? Namba zote.

kaka_mkubwa88

i7-7500U mkuu

fundi_wa_bodi

Sawa, na ni mashine nzuri kwa kazi zako kama inakuridhisha. Ila nilitaka mpigapicha aione hiyo namba. i7-7500U ni kori 2 na nyuzi 4. i5 yake ya kizazi cha nane ina kori 4. Kwa kurenda i5 yake ikiwa nzima inaiacha hiyo i7 mbali. Hapa Kariakoo ukiingia duka lolote utaambiwa "hii i7" na bei inapanda hapohapo, hakuna anayekutajia tarakimu zinazofuata. Kwa hiyo mpigapicha ukiamua kuuza na kununua nyingine soma namba yote mpaka ile herufi ya mwisho. Na cha pili, kizazi cha saba karibu chote hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 ilikatwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Usiuze cha nane ukarudi cha saba kwa sababu ya neno i7.

kaka_mkubwa88

Kumbe. Hilo la kori sikuwa nalijua kabisa, asante fundi.

mwangi_wa_video

Wadau niko Nairobi, naomba niongeze kitu kimoja juu ya hali ya hewa kwa sababu watu huisahau. Mimi hufanya video za makanisa na harusi, na nina laptopu nyembamba ya wati 15 pia. Hapa Julai kwa nyumba asubuhi unakuta nyuzi 17, mashine inafanya kazi poa kabisa. Januari nikapata kazi Mombasa, nikakaa Kisauni wiki mbili, mashine ile ile, kazi ile ile, ikaanza kujivuta. Nilidhani imeharibika.

Baadaye nikaelewa. Prosesa inajizuia ikifika nyuzi 100 hivi, na joto hutoka kulingana na tofauti kati ya prosesa na hewa ya nje. Kwa nyuzi 17 una tofauti ya 83. Kwa nyuzi 32 za Pwani una tofauti ya 68. Kama feni yako inaweza kutoa wati 12 kule Pwani, mashine hiyo hiyo hapa kwetu ingetoa karibu wati 14 na nusu, bila kununua chochote. Ndio maana zile video za majaribio watu huangalia, mtu yuko Ulaya kwa chumba cha nyuzi 20, hazikuambii vile itakuwa Dar Februari. Ndugu yangu wa Tandika renda usiku wa manane na hiyo feni ya chumba uielekeze kwa mashine, utaona tofauti.

mpigapicha_tandika

Fundi nimepima. Joto 99 na mara nyingine 100, wati zinasoma 9 mpaka 10, na hiyo Throttling imeandika Yes nyekundu. Chaja ni 65. Mwangi asante sana, hilo la hewa ya nje sikuwahi kulifikiria.

fundi_wa_bodi

Basi jibu umelipata mwenyewe. Wati 9 kwa nyuzi 99, hapo joto halitoki. Ifungue. Zima kabisa, chomoa chaja, toa kava la chini na kabla ya kugusa kitu chomoa waya wa betri kwenye bodi. Angalia na betri yenyewe, ikiwa imevimba au tachipedi ilikuwa imeinuka kidogo usiendelee na video wala nini, toa betri kwanza, hiyo ni hatari ya moto.

Kisha fungua feni. Usipulize tu kwa nje, vumbi la hapa mjini linashikana na mafuta na unyevu linakaa kati ya feni na zile pezi za shaba, huwezi kuliona mpaka feni itoke. Toa bomba la shaba, safisha pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bomba) kwa spiriti na kitambaa laini, weka pesti mpya kidogo tu katikati, kama punje ya mchele, skrubu kaza kwa mkingamo na kidogokidogo. Kama mkono wako si mzuri mpe fundi, lakini kaa hapo hapo uone feni ikitolewa.

dada_wa_kolagi

Mimi nilihamia MacBook Air M1, ile ya mwishoni mwa 2020 isiyo na feni kabisa. Nasema ukweli wote, kwa video imenisaidia sana na chaji inakaa, lakini isiwe mtu anadhani haipati moto. Nikirenda kitu kirefu mchana hapa Mikocheni bila AC nayo inapunguza kasi maana haina feni ya kuiokoa, tofauti ni kwamba hata ikipunguza bado inamaliza mapema kwa sababu inakula umeme kidogo. Na RAM yake haiongezeki milele, ukichukua ya 8 ndo umeoa. Kama bajeti ni laki nne na nusu haifiki huko, nimetaja tu ili ujue wembamba una gharama yake kila upande.

Swali langu kwako kaka, unarendaje? Maana hizo saa tatu kwa video ya saa moja zimenishtua. Kama unaediti kwa Premiere, pale unapotoa video kuna sehemu imeandikwa Software Encoding. Ibadilishe iwe Hardware Encoding. Hiyo UHD 620 yako ina sehemu maalumu ya kutengeneza video za aina ya H.264, kazi inatoka kwenye kori za prosesa inahamia huko na joto linapungua. Ongeza bitireti (wingi wa data kwa kila sekunde ya video) kidogo kwa sababu kwa bitireti ndogo ubora wake unakuwa chini kidogo, maharusi hawataona tofauti.

fundi_wa_bodi

Dada umenikumbusha kitu ambacho mimi nilipitiliza. Na hiyo sehemu ya H.264 ni ileile kwenye i7-8550U, kwa hiyo hata hapo i7 haimwongezei.

mpigapicha_tandika

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya siku nne.

Nilikaa na fundi mwingine jirani hapa, tukaitoa feni. Nyuma yake kwenye zile pezi kulikuwa na vumbi limeshikana limekuwa kama kipande cha blanketi, kijivu, unakibandua kwa kucha kinatoka kizima na umbo la pezi. Upande wa kutokea hewa ulikuwa umezibwa karibu wote. Pesti nayo ilikuwa imekauka inapukutika kama chokaa. Betri iko sawa.

Baada ya kufunga nimerenda video ileile kwa Software kwanza ili nijue ukweli wa usafi peke yake. Joto 87, wati 15, kasi imekaa 2.4 mwanzo mwisho. Saa moja na dakika hamsini. Halafu nikaweka Hardware kama dada alivyosema, dakika hamsini na mbili. Nimeangalia mara mbili mbili nikidhani imeruka sehemu, nikaifungua video yote iko kamili mpaka maharusi wanapanda gari. Nimeshindwa kulala kwa furaha, nasema kweli.

Nimeipandisha nyuma kwa vizibo viwili vya soda ili hewa ipite chini. Sasa hiyo laki nne na nusu ipo mkononi, niiweke wapi? Fundi aliona slotu moja ya RAM wazi, ile 8 imechomelewa.

fundi_wa_bodi

Safi sana. Hapo weka RAM ya DDR4 ya 8 kwenye slotu, ndiyo ya kwanza. UHD 620 haina kumbukumbu yake inakopa kwenye RAM, na ikiwa kijiti kimoja inapita njia moja, ukiweka cha pili zinakuwa njia mbili na grafiki inapumua. Kisha SSD kubwa, 256 kwa video ni mateso.

Hela itakayobaki iweke. Ukiendelea kupata kazi nyingi ongezea ununue laptopu nene ya kukaa mezani, hata i5-8300H. Hiyo nayo ni kori 4 nyuzi 8 kama ya kwako, ila imepimwa kwa wati 45 na mwili wake umejengwa kuzitoa, kasi inakaa juu kazi nzima. Nyembamba ibaki ya kwenda nayo ukumbini.

mwangi_wa_video

Hiyo ya mashine mbili ndiyo mimi hufanya. Nene iko nyumbani haisongi, ndogo inaenda kazini.

mpigapicha_tandika

Sawa wakuu, kesho naenda kuulizia RAM na namba nimeshaandika kwenye karatasi. Jumamosi nina sendofu Mbagala, nikirenda nitaleta muda wake hapa.

fundi_wa_bodi

Sawa. Vizibo angalia visikae kwenye matundu ya kuingizia hewa, vikae kwenye zile mpira za nyuma. Na feni ifungue tena baada ya miezi sita, kwa vumbi la huko usisubiri mwaka.