Wauza swichi wa Nairobi, andikeni wati kwenye kotesheni!

Wadau, hili limenifika hapa kooni. Ofisi yetu ya bima iko Upper Hill, simu za mezani 24, zote za intaneti, zinazopata stima kupitia kebo ileile ya mtandao. Muuzaji alipewa haya yote kwa maandishi, pamoja na modeli ya simu. Akatuletea swichi, yaani kile kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao, ya poti (matundu ya kebo) 24, "PoE kila poti", maana yake kila poti inatoa stima kupitia kebo ya mtandao. Kuhusu wati, kotesheni nzima haina neno hata moja.

Siku ya kuwasha, poti 12 za kwanza zikawaka kijani. Kuanzia ya 13, taa za chungwa, na simu zake giza tupu. Fundi wao akaja na hadithi: mara simu ni mbovu, mara intaneti yenu iko chini. Simu ambayo haijapata stima inahusiana vipi na intaneti? Mwishowe akachomoa kebo ya mapokezi kutoka poti ya 19, akaichomeka ya 2. Simu ya mapokezi ikawaka, naye akatoa karatasi nitie sahihi kwamba kazi imekamilika. Wakati huohuo simu ya uhasibu, iliyokuwa kwenye hiyo poti ya 2, imezima!

Nikaigeuza swichi. Kwenye kibandiko cha nyuma, kwa maandishi madogo sana: jumla ya PoE, wati 190.

Haya, tupige hesabu. Kiwango cha kimataifa cha PoE kiitwacho 802.3af, cha mwaka 2003, kinaruhusu poti kutoa hadi wati 15.4. Simu inahakikishiwa wati 12.95, zinazobaki zinaweza kupotelea kwenye kebo. Simu zetu zina skrini ya rangi, ni za daraja la 3 (madaraja hupangwa kwa stima ambayo kifaa kinahitaji), na swichi hii inaitengea kila moja wati 15.4 zote hata kama inatumia nusu yake. Gawanya 190 kwa 15.4, unapata simu 12. Ya 13 inanyimwa. Simu 24 za aina hii zinataka wati 369.6, ndiyo maana utakuta swichi nyingi za poti 24 zimeandikwa wati 370. Zingekuwa simu za daraja la 2, zinazotengewa wati 7, zingehitaji 168 tu na swichi hii ingetosha kabisa. Jibu lote lilikuwa kwenye karatasi ya vipimo ya simu, ambayo muuzaji alikuwa nayo mkononi kabla hajachukua pesa yetu.

Mteja aliyegongwa barabarani anapiga simu kuuliza fidia yake, anaambiwa namba haipatikani. Huyo ndiye anayeumia, na hajui swichi ni nini.

Suluhisho lao? Eti tununue adapta za ukutani 12, kwa gharama yetu. Sasa stima ikipotea, simu zilizo kwenye swichi zitabaki hewani kwa sababu swichi iko kwenye UPS, betri ya akiba, hizo za adapta zitakufa palepale. Tulilipia PoE ya nini basi? Muuzaji mwingine huko mjini akanisukumia visanduku vya volti 24 vinavyomwaga stima kwenye kebo bila kuuliza. Swichi ya kiwango halali hukagua kwanza kilichochomekwa, ndipo inatoa volti 44 hadi 57. Mtu anayeuza vifaa vya mtandao hajui hilo?

Na mkinunua, msisahau kamera na vifaa vya Wi-Fi. Vingi ni vya 802.3at, kiwango cha PoE chenye nguvu zaidi, hadi wati 30 kwa poti, na vinakula kwenye jumla ileile ya wati za simu.

Barua ya kudai swichi ibadilishwe au pesa irudi tumeshaipeleka. Karatasi ya kazi sijatia sahihi na sitatia. Anayejua muuzaji hapa Nairobi anayeandika jumla ya wati kwenye kotesheni, na anayekubali simu zote 24 zichomekwe kwa pamoja ndipo alipwe salio, aandike hapa chini. Nahitaji swichi wiki hii.