Desemba naenda kuhesabiwa: nyumba ya Njiro niiachie mlinzi, kamera au fensi ya umeme?

Mangi_wa_Njiro: Wakuu, habari zenu. Si mnajua sisi Wachaga, kuhesabiwa ni kwenda nyumbani Krismasi: familia nzima tunapanda Rombo, kurudi ni baada ya mwaka mpya. Dada wa kazi naye anaenda kwao Singida, kwa hiyo nyumba inabaki tupu. Ukuta upo, geti la chuma lipo, madirisha yana grili. Bajeti inatosha kitu kimoja: mlinzi wa kampuni, kamera za kuangalia kwenye simu, au fensi ya umeme. Nani ametumia kipi?

Fundi_Sakina: Mkuu, kufunga hivi vitu ndiyo kazi yangu, ila nitasema hata yasiyoniletea hela. Fensi ni nzuri. Inapiga mapigo mafupi, karibu kila sekunde moja, na ikifungwa sawasawa haiui, inamrusha mtu tu. Shida ni betri. Umeme ukikatika, ile betri ya volti 12 kwenye mashine ndiyo inayobeba, na wengi hawaikagui tena tangu siku ya kufungiwa. Ikichoka, waya unabaki pambo. Halafu angalia matawi: mparachichi wa jirani ukigusa waya siku ya mvua, king'ora kinalia usiku kucha, mwisho mtaa mzima unakizoea na hakuna anayeinuka kitandani.

Mama_Kijenge: Kamera ninazo. Niko Same msibani, simu ikaniletea picha ya mtu anazunguka uani. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, nikampigia na jirani. Jirani akawasha taa, akapiga yowe la mwizi, yule akaruka ukuta. Sasa nani alimfukuza hapo? Na zangu zinatumia laini, bando likiisha sioni kitu. Weka memori kadi. Kile kisanduku cha kurekodia usikiache chini ya tivii, wanavibeba vyote pamoja.

Chalii_wa_Ngarenaro: Mbwa wawili wa kienyeji, mjadala umefungwa.

Mama_Kijenge: Mdogo wangu, na wenyewe wako Rombo nani atawalisha? Nyama yenye sumu mbwa haikatai.

Baba_Neema_Moshi: Grili sawa, ila umetazama juu? Kuna wanaofungua bati, wanapasua dari ya jipsamu, wanashukia sebuleni bila kugusa dirisha. Mlinzi wa kampuni si mbaya, lakini uliza kwanza usiku nani anapita kumkagua. Kama hakuna, saa nane kajifunika koti. Mimi hapa Pasua namwita mpwa wangu, chuo kinakuwa kimefungwa. Namwachia hela ya kula na umeme wa LUKU. Anafungua mapazia asubuhi, anaanika nguo, anafagia getini. Anayechungulia anakuta nyumba ina watu.

Mangi_wa_Njiro: Baba Neema umenifungua macho. Nina shemeji Usa River anasubiri ajira, nitamwomba aje alale. Bajeti iende kwenye kamera, moja itazame paa. Fundi, nitafute inboksi.

Fundi_Sakina: Nakuja mkuu. Shemeji apelekwe kwa balozi wa nyumba kumi kabla hamjaondoka, asije akakamatwa yeye. Na picha za mbege muweke status mkisharudi.