Peugeot 404 ya guka: niibadilishe ama niiache vile iko?

mjukuu_404

Habari zenu wadau. Naomba mawazo kabla sijakanyaga nyaya, maana nikishaanza kukata hii kitu hakuna kurudi.

Familia imeniachia gari ya guka, yaani babu yangu. Ni Peugeot 404 saluni ya 1967, ilikuwa imelala Othaya chini ya mabati tangu mzee aache kuendesha. Haijawahi kupakwa rangi ingine, ni ile krimu ya kiwandani, imepauka kwa boneti na paa mpaka praima inaonekana. Siti ni zake, imepasuka ya dereva pekee. Gia iko kwa stelingi. Kutu iko chini ya milango na kidogo kwa sakafu upande wa kushoto, si ile ya kutisha. Chini ya injini kuna bamba zito la chuma guka alichomewa na fundi wa Nyeri kukinga sampu, lile bakuli la oili ya injini. Tuliweka betri, tukamimina petroli fresh, ikawaka na moshi kidogo. Sai iko kwangu Kahawa West, ililetwa na bredauni.

Shida ni watu. Kazo yangu, yaani binamu, anataka tuweke injini ya Toyota, tuishushe, rimu za inchi 17, rangi nyeusi ya metaliki. Fundi mmoja wa Grogan anasema tukwangue yote tupige rangi ile ile krimu ikae mpya. Mjomba naye amesema nikiguza hata skrubu hatutaongea tena, na huyo mzee hutimiza ahadi zake.

Mimi nataka gari ya kuendesha. Jumapili niende Limuru na familia, siku zingine niingie nayo tao. Sitaki ya kuwekwa kwa glasi watu waangalie. Nyinyi mngefanya aje?

Kamaa_turbo

Buda gari ni yako, si ya makumbusho. Tafuta injini ya Toyota, 4A ama 3S, na giaboksi yake, weka, washa, enda. Spea za Toyota unapata Kirinyaga Road ukiwa umevaa pajama, za 404 utangoja zitoke Ufaransa na bei ya kusafirisha ikulize. Nimeona Datsun 1200 na Corolla za zamani zimewekwa injini za kisasa na zinapepea Thika Road bila stori, na hakuna mtu ameshtakiwa. Rangi nyeusi lakini apana, hapo kazo yako amepotea. 404 nyeusi mkiwa kwa foleni watu watavua kofia wakidhani mnaenda kuzika.

fundi_wa_difu

Kamaa nakuheshimu lakini hapo kwa "weka, washa, enda" umeruka mambo mengi sana. Mimi sipingi kuswapu injini, ni kazi inanilisha. Lakini 404 si Corolla, na wacha nieleze vile imeundwa chini ndio mwenye gari ajue anaingia wapi.

Kwa Corolla shafti ya kati, ile inapeleka nguvu ya giaboksi kwa magurudumu ya nyuma, iko wazi, ina yunivaso (viungo vya kupinda) mbele na nyuma, ukibadilisha giaboksi unaenda kwa mtu wa leth anakukatia shafti urefu mpya, mchezo umeisha. Kwa 404 shafti iko ndani ya bomba refu la chuma. Hilo bomba limefungwa imara na difu, ile gia ya katikati ya eksel ya nyuma, na huku mbele linaingia nyuma ya giaboksi kwa kifundo cha mviringo, kama nyonga ya mtu. Na si kifuniko tu, ndilo linasukuma gari mbele ukikanyaga mafuta na ndilo linazuia eksel ya nyuma isijipindue. Sasa siku unatoa giaboksi ya Peugeot unaweka ya Toyota, lile bomba halina pa kushika. Kwa hivyo difu nayo inatoka, unaleta eksel ya gari ingine, unatengeneza mikono ya kuishikilia, unachomelea mabano kwa bodi, na 404 haina chesisi ya kando, hayo mabati ya bodi ndiyo yanabeba kila kitu. Ukichomelea vibaya hapo umeharibu uti wa mgongo. Halafu injini yake imelazwa upande digrii 45 ndio boneti ikae chini, hiyo ya Toyota itasimama vingine, utaanza kupigana na nafasi ya sampu, ya ekzosi, ya stelingi. Ongeza radieta na wayaringi. Ukimaliza kuhesabu, umenunua gari nzima ya Toyota na kuivisha milango ya guka.

Na kwa nini utoe hiyo injini kwanza? Imewaka baada ya miaka yote hiyo na petroli ya kumiminiwa. Ni 1618cc, kichwa cha aluminiamu, slivu zake, zile bomba pistoni hupanda ndani yake, zinatoka na kurudi, yaani ikichoka unabadilisha slivu na pistoni bila kupeleka bloku ikachimbwe. Pima komprisheni kabla hujaambiwa na mtu yeyote ati imekufa.

Mjomba naye asikasirike lakini akisema usiguze hata skrubu anakosea vibaya zaidi ya kazo. Mpira wa breki hauna heshima kwa wazee. Ukitoka Kahawa West na hosi za zamani, silinda za magurudumu zimeshika kutu ndani, halafu matatu ikufungie hapo Githurai, utajua orijino ni nini. Kabla ya kuongea rangi, hosi zote mpya, mpira wa masta silinda na wa magurudumu, mabomba ya breki yakaguliwe yote, fluidi mpya. Tairi, hata kama meno yako, mpira umezeeka, toa. Hosi za petroli na za maji. Tangi ioshwe. Hizo si modi, hata guka angekuwa hai angebadilisha.

Kitu kingine, na hii ndiyo watu wengi huua hizi gari bila kujua. Difu ya 404 saluni si ya krauni na pinioni ile ya kawaida, ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Usikubali mtu akumwagie oili ya difu yoyote iko kwa shelfu. Oili nyingi za siku hizi zina dawa za salfa za kukinga meno ya chuma, na hizo dawa zinakula bronzi. Uliza oili ya difu isiyodhuru bronzi, na kama muuzaji hajui unaongea nini, hamia duka lingine.

Kamaa_turbo

Sawa fundi nimenyamaza. Hiyo ya bomba sikuwa naijua. Lakini disku breki aweke basi, dramu nne kwa Waiyaki Way ya sai ni kujitafutia kaburi.

fundi_wa_difu

Hapo tuko pamoja. Za kwanza zilitoka na dramu magurudumu yote, baadaye Peugeot wenyewe wakaweka disku mbele kwa 404. Akipata hizo za 404 ya baadaye, ni ya ukoo mmoja, na zile dramu afunge kwa gunia aweke stoo. Pointi za distribyuta pia anaweza kuweka kit ya elektroniki ndani ya kifuniko kile kile. Mtu akitaka kurudisha anarudisha Jumamosi moja na spana.

Mama_Pejo

Mwanangu pole kwa kupoteza mzee. Fundi amemaliza mambo ya chini, mimi niongee ya juu, kwa sababu naona mnabishana kubadilisha ama kuacha na huyo mtu wa rangi wa Grogan amepita katikati bila kuguzwa.

Kurestoa pia ni kubadilisha. Ukikwangua mpaka bati, ukapiga fila, ukapulizia krimu mpya inayong'aa, rangi ya 1967 imeenda vile vile tu ingeenda na nyeusi ya kazo. Tofauti ni kwamba watu watakupongeza. Ile iliyopauka kwa boneti imepauka na jua la Othaya, hakuna kopo la rangi lina hiyo. Injini unaweza kununua ingine, rimu unaweza, hata milango. Rangi ya kwanza ikishatoka imetoka.

FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale, wanahesabu gari kuwa ya kihistoria ikiwa na miaka isiyopungua 30, ikiwa imetunzwa kwa hali inayofaa historia yake na si usafiri wa kila siku. Sisemi ufuate watu wa ng'ambo. Lakini angalia hilo neno imetunzwa, hawakusema imefanywa mpya. Kila mwaka pale Ngong Racecourse kwenye Concours utaona gari zimesuguliwa mpaka unajiona meno, majaji wanachungulia mpaka chini, na ni kazi ya kupigiwa makofi kweli. Mimi lakini hukaa zaidi mbele ya ile imebaki na siti zake, kwa sababu hiyo inaweza kunionyesha kiwanda kilifanya nini, ile ingine inanionyesha fundi wa juzi.

Sasa hilo bamba la sampu. Mtu wa orijino kupindukia atakwambia litoke, halikutoka Sochaux, kiwanda cha Peugeot kule Ufaransa. Tafadhali usilitoe. 404 ilishinda Safari Rally 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na mwaka huo gari yenu ilitengenezwa ni Bert Shankland wa Tanzania alikuwa anaibeba mara ya pili mfululizo. Wazee wetu waliziona zikipita na matope mpaka kwa vioo, halafu wakarudi kwa barabara zao za kijijini ambazo hazikuwa bora sana kuliko za mashindano. Bamba la fundi wa Nyeri ni historia ya hiyo gari hapa kwetu. Mimi ningelipaka rangi ya kuzuia kutu nilirudishe.

Kwa bodi, kata kutu pale tu imekula bati, sakafu na chini ya milango, weka bati mpya, paka hapo pekee rangi iliyopatanishwa na ile iliyopauka, si na ile ya kitabu. Ndani ya sili (zile kingo za bodi chini ya milango) na ndani ya milango nyunyiza nta ya kuzuia kutu, hapo ndipo huoza kimyakimya. Paa na boneti osha na sabuni ya kawaida, polishi laini kwa mkono, mashine weka mbali kabisa, hiyo rangi imebaki nyembamba. Siti ya dereva ishonwe kwa kipande, usibadilishe zote ati zifanane.

Na mwambie mjomba aje aone breki zikitengenezwa. Wazee wengi wanaogopa kwa sababu hawajaitwa.

karatasi_kwanza

Mmesahau karatasi. Logibuku iko kwa jina la nani? Kama bado ni ya marehemu, maliza mambo ya urithi kwanza ndio NTSA, mamlaka ya usafiri, wakubali kuhamisha. Na ukibadilisha injini ama rangi lazima ipelekwe na ibadilishwe kwa rekodi, si kitu ya kunyamazia, polisi akilinganisha namba ya injini na logibuku hapo roadiblok utaeleza mpaka jioni. Bima nayo, kwa gari ya umri huo wengi watakupea thadi pati tu, ukitaka komprihensivu jitayarishe na valuesheni na maneno mengi. Piga picha kila kitu sasa hivi kabla fundi hajafungua hata boltu moja.

mjukuu_404

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea kazo hiyo ya bomba, amekaa kimya halafu akauliza kama tunaweza kuishusha tu kidogo. Nimekataa. Rimu za 17 pia nimekataa, lakini nimemwachia redio, ataificha ndani ya glavu boksi na dashibodi isikatwe.

Kwa hivyo breki, tairi, hosi, oili ya difu, kutu ya sakafu. Rangi inabaki. Bamba linabaki. Kwenda nayo kazini kila siku nimeona niache, wikendi inatosha. Mjomba nimempigia, amesema atakuja Jumamosi "kuangalia tu", na nikamsikia akiuliza mama kofia yake ya kazi iko wapi.

Swali moja limebaki: tairi. Zilizoko ni 165 za inchi 15 na kila duka naenda wananionyesha 195 za saluni za sai, wanasema zitaingia tu.

fundi_wa_difu

Zitaingia kwa rimu pana, si kwa yako, na stelingi itakuwa nzito utadhani unageuza trela. Acha maduka ya kawaida. Uliza watu wa Beetle, hao nao hutumia 165 za inchi 15 na wanajua nani ameleta kontena. Nunua tano, si nne, ya spea ilingane. Na kabla ya kulipa angalia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kuna tairi mpya pale mtaani zimekaa shelfu miaka mingi.